Barua ya wazi kwa walioshika filamu za Delphine Seyrig

Kwa wenye dhamana ya urithi wa sinema ya Ufaransa na Ubelgiji: mnaoshika haki za filamu, mnaotoa fedha za kuzirekebisha, mnaotunza mikanda ya video ya miaka ya 1970, na ninyi mnaopanga ratiba za maonesho katika vituo vya utamaduni wa Kifaransa, kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa.

Salaam.

Dakika nane. Hizo ndizo zinazopotea kila mara Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles inapooneshwa kutoka nakala iliyotengenezewa televisheni ya Ulaya. Filamu ilipigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na urefu wake ni dakika 201. Televisheni ya Ulaya hutumia fremu 25, na njia rahisi kuliko zote ya kutoka 24 kwenda 25 ni kuikimbiza filamu. Ikikimbizwa, dakika 201 zinakuwa 193, na sauti isiporekebishwa inapanda kwa asilimia nne. Kwa kuwa hakuna onesho lililokatwa, hakuna anayelalamika. Lakini hii ni filamu ya mwanamke anayemenya viazi, na mwongozaji wake, Chantal Akerman, alikipa kila kiazi muda wake. Mwigizaji Delphine Seyrig aliyeicheza nafasi hiyo alijulikana kwa sauti yake kabla ya sura: nzito, ya taratibu, inayovuta maneno kama mtu anayefikiri huku akisema. Ipandishe asilimia nne umsikie mtu mwingine kabisa.

Tunaandika kama watu wa kazi: wafasiri wa manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, pamoja na waendesha projekta na mafundi wa mikanda ya zamani. Ombi letu ni moja, ingawa lina viungo vingi. Kazi ya Seyrig itunzwe na ioneshwe yote kwa kipimo kimoja. L'Année dernière à Marienbad ya Alain Resnais, iliyopata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1961, ilirekebishwa kwa ubora wa 4K na kurudi Venice mwaka 2018. Ilistahili. Ila mtazamaji anayeishia hapo ataondoka akiamini Seyrig alikuwa sanamu zuri lililosimamishwa kwenye korido ndefu. Mikanda aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe miaka 15 baadaye inastahili mkono uleule uliopangusa vumbi la Marienbad.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Beirut tarehe 10 Aprili 1932, binti wa mwanaakiolojia Henri Seyrig. Mwaka 1956 alikwenda New York, akapita Actors Studio, warsha ya waigizaji, na Resnais alimwona huko huko jukwaani. Alifariki Paris tarehe 15 Oktoba 1990. Kati ya hapo kuna orodha ya waongozaji ambayo waigizaji wengi wangeridhika na robo yake: Resnais mara mbili, Truffaut, Buñuel, Demy, Losey, Duras, Akerman, Ulrike Ottinger.

Wengi wakisikia filamu za kuvunja miiko mawazo yao hukimbilia kitandani. Kwa Seyrig miiko ilikuwa mingi, na kitanda ni mmoja tu kati yake. Muriel ya 1963, iliyompa tuzo ya uigizaji bora Venice, ilitoka mwaka mmoja tu baada ya vita vya Algeria kumalizika, na ndani yake kijana aliyerudi kutoka jeshini anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyomtesa msichana. Anaposimulia, kwenye skrini zinapita picha za askari wakicheka na kujipoza, zilizopigwa kwa kamera ndogo ya mtu wa kawaida. Mateso yenyewe hayaonekani hata mara moja. (Na hapa neno kwa wasafishaji: picha zile ndogo zina chembechembe na mikwaruzo kwa makusudi. Programu ya kuondoa chembechembe ikipitishwa juu yake zinafanana na filamu nyingine yote, na tukio zima linakosa maana.) Peau d'âne ya 1970 ni hadithi ya bibi kwa wajukuu, ila kiini chake ni mfalme anayetaka kumwoa binti yake mwenyewe, na Seyrig ndiye mama wa kichawi anayekuja kumfunza binti kwa wimbo kwamba mtoto haolewi na mzazi. Sauti ya wimbo si yake, ni ya Christiane Legrand. Les Lèvres rouges ya 1971 inamweka katika hoteli tupu ya Ostend akiwa mwanamke mnyonya damu anayewatamani maharusi wote wawili.

Nje ya kamera hakuwa tofauti. Aprili 1971 jina lake lilikuwa miongoni mwa wanawake 343 waliotia sahihi tamko katika Le Nouvel Observateur kwamba wamewahi kutoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai. Mwaka uliofuata alitoa ushahidi katika kesi ya Bobigny, ya msichana aliyeshtakiwa kwa kutoa mimba. Sheria hiyo ya utoaji mimba ilibadilika Januari 1975.

Mwaka huohuo wa 1975 zilitoka Aloïse, India Song na Jeanne Dielman. Hebu tukae kidogo na hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi ukumbini, na tangu wahakiki wa jarida la sinema la Sight and Sound walipoipa nafasi ya kwanza katika kura yao ya 2022 ya filamu bora za wakati wote, inaombwa na kila mtu.

Akerman alikuwa hajatimiza miaka 25. Mpigapicha alikuwa Babette Mangolte, na karibu wafanyakazi wote nyuma ya kamera walikuwa wanawake. Kamera haisogei. Imesimamishwa chini kidogo kuliko desturi, ikitazama jikoni, meza, kitanda na mlango kwa uso. Siku tatu za Jeanne, mjane anayemlea mwanawe na kupokea mwanamume mmoja kila alasiri kwa malipo. Fedha anaziweka kwenye bakuli la supu juu ya meza. Siku ya kwanza kila kitu kiko mahali pake. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anazunguka nyumba na sufuria mkononi hajui aiweke wapi. Kuna mkanda mwingine, Autour de Jeanne Dielman, uliopigwa na Sami Frey wakati wa utengenezaji, ambao ungepaswa kuambatana na filamu hii popote iendapo. Humo Seyrig anambana mwongozaji wake: kwa nini nichane nywele polepole hivi, ninawaza nini hapa, ninatazama wapi? Mtu aliyezoea kusikia kwamba waigizaji wa filamu za kisanaa hukaa tu mbele ya kamera akiutazama mkanda huo atanyamaza.

Sasa makosa. La kwanza ni umbo la picha. Filamu hii ni ya uwiano wa 1.66, yaani upana ni mara 1.66 ya kimo. Faili ya kidijitali ya kumbi za sinema, DCP, katika umbo lake la kawaida ina pikseli 1998 kwa 1080. Picha ya 1.66 inakaa katikati ikiwa na pikseli 1792 kwa upana, na kushoto na kulia panabaki utepe mweusi wa pikseli 103 kila upande. Weusi huo huwatia watu wasiwasi. Mtu anaona skrini haijajaa, anaikuza lenzi mpaka ijae, na hapohapo asilimia 10 ya kimo imekwenda: juu inaondoka nywele za Seyrig, chini unaondoka ukingo wa meza na mikono inayofanya kazi. Nywele na mikono ndiyo filamu yenyewe. Siku ya pili nywele zimevurugika kidogo na mfuniko wa bakuli umesahauliwa, na mtazamaji aliyekatiwa picha haoni dalili hizo. Anabaki akishangaa mkasi ambao Jeanne anamuulia mgeni wake siku ya tatu umetoka wapi. Tunaomba kila DCP iandikwe 1.66 kwenye jina la faili, na barua ya mstari mmoja iambatane nayo: msijaze skrini.

La pili ni sauti. Ni mono, yaani ya mkondo mmoja, kwa hiyo itoke kwenye spika ya katikati peke yake. Ukumbi usio na spika ya katikati upeleke sauti ileile kushoto na kulia, kila moja ikipunguzwa desibeli 3. Kipimo cha sauti kiwe 7 kwenye prosesa ya sauti ya ukumbi, kisiguswe. Kinachotokea ni hiki: dakika kumi zinapita bila mazungumzo, mwendesha projekta anadhani sauti imekufa, anapandisha, halafu swichi ya taa inapobofywa ukumbi mzima unaruka. Visigino vya Jeanne sakafuni, maji kwenye sinki, kijiko kwenye kikombe: hayo ni mazungumzo. Feni za dari na mashine za kupoza hewa ni adui mkubwa kuliko simu za watazamaji. Ukumbi upozwe mapema, saa moja kabla, kisha mashine zipunguzwe kasi filamu inapoanza. Jenereta ikae mbali na ukuta wa skrini.

La tatu ni mwisho. Katika onesho la mwisho Jeanne amekaa mezani gizani, damu mkononi, na mwanga wa taa ya nje unapepesa juu ya uso wake. Hapo hakuna kinachotokea kwa dakika kadhaa, na kila kitu kinatokea. Taa za ukumbi zikiwa zimepangwa kujiwasha zenyewe mapema, au mtu akiwasha kwa kudhani filamu imekwisha, yote yaliyotangulia yamepotea. Amri ya taa iwekwe baada ya maandishi ya mwisho. Na taa ya mlango wa dharura isielekee skrini, maana onesho lile ni jeusi kiasi kwamba mwanga wa kijani wa mlango unaweza kulifunika uso.

Umeme ukikatika katikati, usiendelee pale pale. Rudi nyuma dakika mbili au tatu. Seva na feni za kupoza taa ya projekta viwe kwenye betri ya akiba, la sivyo taa ya zenoni ikizimika ikiwa na moto inaweza kuharibika. Mapumziko hatuyapendi, lakini tunajua kumbi na tunajua watu. Yakilazimika, yawekwe pale filamu yenyewe inapoandika kwamba siku ya kwanza au ya pili imekwisha, si mahali pengine popote. Na kwa mnaopeleka reli za milimita 35, yaani magurudumu ya ukanda wa filamu: dakika 201 ni kama mita 5,500 za ukanda, reli 10 hivi za kawaida. Namba ya reli iandikwe kwenye mkia na kwenye kichwa, maana katika filamu hii reli ya 4 na ya 6 zikibadilishana, huenda watu wasigundue hadi wafike nyumbani.

Bodi zinazopanga filamu kwa umri, nanyi neno. Tukio la siku ya tatu chumbani si la kukatwa. Wekeni 18 mlangoni. Ukiliondoa, mkasi unabaki bila sababu, na mtakuwa mmewaonesha watu mauaji mkawaficha maelezo yake.

India Song ya Marguerite Duras ni ugonjwa mwingine. Humo hakuna midomo inayosema. Sauti zote ziko nje ya picha, na wakati wa kupiga picha waigizaji walikuwa wakisikilizishwa sauti zilizokwisha kurekodiwa ili wasogee kwa mwendo wake. Duras aliichukua sauti ileile, yote, akaiweka mwaka 1976 juu ya picha nyingine za jumba lile likiwa gofu, ikawa filamu ya pili. Mfasiri anayefuata desturi ya kuweka manukuu pale mdomo unapofunguka hana pa kushika. Kwa hakika watazamaji wetu wana maandalizi kuliko wa Paris. Mtu aliyekua akitazama filamu kwenye vibanda, DJ akisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, au VJ kule Kampala, anajua tangu utoto kwamba sauti na picha ni vitu viwili vinavyoweza kukaa chumba kimoja bila kuoana. Tungependa mlijue hilo kabla hamjaandika kwenye ratiba zenu kwamba filamu ni ngumu kwa hadhira ya hapa.

Tumefika kwenye manukuu, na hapa tunadai kwa sauti kubwa zaidi. Tupeni faili isiyo na maandishi. Nakala nyingi zinazokuja zina manukuu ya Kiingereza yaliyochomwa ndani ya picha, nasi tunaambiwa tuweke Kiswahili juu yake au juu ya skrini. Mtazamaji anasoma lugha mbili na haoni uso wa Seyrig. Tupeni pia orodha ya maneno yote ya Kifaransa yenye alama za muda, kwa kuhesabu fremu. Kutafsiri kutoka Kiingereza cha mtu mwingine ni kula chakula kilichotafunwa. Manukuu ya Kiswahili hayahitaji DCP mpya. Faili ndogo ya nyongeza inayobeba maandishi peke yake inatosha, huku picha na sauti vikibaki kwenye DCP ile ile ya kwanza, ambayo kwa filamu ya dakika 201 inaweza kukaribia GB 380. Kupitisha mzigo huo kwenye intaneti kwa sababu ya maandishi ya kilobaiti mia chache ni kutwanga maji.

Vipimo tunavyofanyia kazi: mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, herufi 12 hadi 14 kwa sekunde, nukuu isikae chini ya sekunde moja wala kupita sita. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, hivyo maneno ni machache lakini marefu, na mstari ukikatwa vibaya jicho linakwama. Usikate kati ya nomino na kivumishi chake, wala kati ya jina na kiunganishi cha -a. Herufi ziwe nyeupe zenye ukingo mwembamba mweusi, maana jiko la Jeanne limejaa vigae na maandishi meupe matupu yanazama humo.

Vikwazo halisi si vya vipimo. Katika Marienbad mwanamume mgeni anamwambia Seyrig vous, yaani ninyi ya heshima kwa mtu mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiswahili hakina mlango huo. Tukiandika nyinyi, msomaji wa Dar es Salaam atatafuta mtu wa pili kwenye picha. Tukiandika wewe, umbali uliokuwapo kati yao umekufa. Njia tunayoiona inafaa ni kuacha kiwakilishi kibaki ndani ya kitenzi, kuepuka wewe iliyosimama peke yake, na kuzishika sentensi zikae kirasmi: ulikuwa umesimama, haukunisubiri. Hilo la pili, angalieni, ndilo kosa linalopatikana kila mahali; sahihi ni hukunisubiri. Mkaguzi wa lugha alipwe, asiwe mfasiri yuleyule. Katika India Song tatizo limegeuka. Kifaransa kinatofautisha elle, yeye wa kike, na il, yeye wa kiume, Kiswahili kinasema a- kwa wote, na sauti zile zinamzungumza mwanamke na wanaume wanaomzunguka katika pumzi moja. Hapo tunarudisha jina au cheo mara nyingi kuliko Kifaransa kinavyofanya, na tunalipa kwa herufi. Mwanamke ombaomba anayeimba Kilao hatafsiriwi. Duras hakumtafsiri, nasi tusiwe wajuaji.

Barua ya shangazi Fernande kutoka Kanada, ambayo Jeanne anaisoma mbio bila kupandisha wala kushusha sauti, haiingii yote kwenye herufi 14 kwa sekunde. Ikatwe theluthi moja, na mapunguzo yafanywe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho ili ubaki ule mwendo wa cherehani. Na viazi vyenyewe? Bara Tanzania watasema viazi mviringo, Unguja mbatata, Nairobi wengi waru, Bukavu birayi. Tumekubaliana viazi, basi. Picha inajieleza.

Sasa mikanda, ambako muda unakwisha kweli.

Katikati ya miaka ya 1970 Seyrig alijifunza video kwa Carole Roussopoulos, mmoja wa watu wa kwanza Ufaransa kununua Portapak ya Sony, mashine ya video ya kubebeka. Wao wawili pamoja na Ioana Wieder wakajiita Les Insoumuses. Mwaka 1976 walitoa S.C.U.M. Manifesto 1967, dakika 27: Seyrig anasoma kwa imla maandishi ya Valerie Solanas, Roussopoulos anapiga taipureta, na kati yao televisheni inaonesha habari za dunia. Mwaka huohuo, Maso et Miso vont en bateau, dakika 55: walichukua kipindi cha Antenne 2, kituo cha televisheni cha Ufaransa, cha tarehe 30 Desemba 1975, kilichoagana na mwaka wa wanawake kwa mzaha, wakakisimamisha, wakakirudisha nyuma, wakakiingilia kwa kadi zilizoandikwa kwa mkono. Halafu Sois belle et tais-toi, Uwe Mrembo Unyamaze, iliyopigwa Ufaransa na Marekani 1975 na 1976 na kutoka 1981. Waigizaji zaidi ya 20, miongoni mwao Jane Fonda, Maria Schneider na Maidie Norman, wanaulizwa maswali yaleyale: ungekuwa mwanamume ungechagua kazi hii? Umewahi kucheza tukio la upendo na mwanamke mwenzako? Ni nyuso tu, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Hakuna filamu iliyosema mengi hivi kuhusu kazi ya mwigizaji kwa gharama ndogo hivyo.

Mikanda ya aina hiyo ni ya upana wa milimita 12.7, kwenye reli za wazi, na reli ya mashine ya kubeba ilichukua dakika 30. Gundi inayoshika unga wa sumaku inanyonya unyevu hewani mpaka inakuwa utomvu. Ukiuchezesha mkanda wa namna hiyo unapiga kelele kama mlango mbovu, unaacha gundi ya kahawia kwenye vichwa vya kusomea, na picha inageuka theluji. Kila unapolazimisha, unakwangua kumbukumbu yenyewe. Dawa ni kuuoka: kabati la joto lenye hewa inayozunguka, nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, saa 8 au zaidi kwa mkanda mwembamba huu, kisha uachwe upoe kwa muda kama huo. Si tanuri la jikoni, ambalo joto lake hupanda na kushuka. Baada ya hapo kuna wiki chache tu za kuunakili kabla unyevu haujarudi. Mkanda usio na dalili usiokwe. Na rekodini tangu mzunguko wa kwanza, hata kama ni wa majaribio. Huenda usiwepo wa pili.

Msidhani mikanda yote ya upana huo inasomwa na mashine moja. Ile ya mfumo wa CV ilitangulia ule wa EIAJ; kwa macho ni mapacha, kwenye mashine haielewani. Mashine zenyewe hazitengenezwi tena, na vichwa vyake havipatikani dukani, hivyo tunza mashine mbovu tatu ili upate nzima moja. Weka kirekebisha muda kati ya mashine na kompyuta, la sivyo kompyuta inaangusha fremu kila picha inapoyumba. Faili ya hifadhi iwe FFV1, ubanaji usiopoteza kitu, ndani ya kasha la Matroska, biti 10, 720 kwa 576, fremu 25 zikiwa bado na nusu-picha zake 50. Meno ya kitana yanayoonekana mtu akisogea ni ya kushughulikia kwenye nakala ya kuoneshea tu. Kwenye nakala hiyo umbo libaki 4:3, yaani pikseli 1440 ndani ya kimo cha 1080. Fonda akionekana mnene, kuna mtu amevuta picha ijae.

Kisha msisafishe. Uhariri wa wakati ule ulifanywa kwa kunakili kutoka mashine moja hadi nyingine, kila kizazi kikipoteza kidogo, na kwenye maungio picha hutikisika. Mtikisiko katika Maso et Miso unakwambia mkono ulisimama wapi. Zaidi ya yote, msipitishe programu za akili mnemba za kukuza picha kwenye Sois belle et tais-toi. Zinachora vinyweleo, kope na midomo ambayo kamera haikuviona, na matokeo yake ni kumpa Maria Schneider uso wa kubuni katika filamu inayolalamikia watu waliotaka kuwabunia waigizaji nyuso.

Jambo dogo la ratiba, lakini limeshavunja maonesho. Ufunguo wa kidijitali wa filamu hufunguka kwa saa maalumu. Nairobi na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Lubumbashi na Bukavu saa mbili. Ufunguo uliopangwa kwa saa ya Paris unaweza kuwakuta watu wamekaa na skrini nyeusi. Na mwenyeji wenu akiandika kwamba onesho ni saa moja jioni, anamaanisha 19:00. Fungueni nusu siku nzima kabla ya onesho, ili fundi ajaribu mchana.

Mwaka 1982 Seyrig, Roussopoulos na Wieder walianzisha Paris kituo cha video cha Simone de Beauvoir, kwa ajili ya kukusanya na kutengeneza kazi za wanawake. Kituo hicho kilitoa mwaka 1985 video ya Françoise Dasques kuhusu mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake, ule wa Julai mwaka huo jijini Nairobi. Tungependa kuanza na hiyo. Tunahitaji faili yake isiyo na maandishi na orodha ya maneno yenye alama za muda. Kisha ifuate Sois belle et tais-toi, na Jeanne Dielman kwa fremu 24. Tafsiri ya video hiyo ya kwanza itakamilika ndani ya wiki sita tangu faili ifike, ukaguzi wa lugha ukiwemo, na tutawarudishia manukuu yenyewe bure, mkaweke kwenye nakala ya hifadhi.

Wafasiri wa manukuu, waendesha projekta na mafundi wa mikanda